Barua ya Uombezi ni Ushahidi

 

Ndugu zetu Waislamu, kila mwaka matokeo ya mtihani wa mwisho wa skuli za sekondari yatokapo, milango ya maimamu na maalimu wetu hugongwa asubuhi na jioni. Wazazi huja na fomu za basari mikononi, na katika fomu hizo mna mahali pa chifu kutia mhuri, na mahali pa kiongozi wa dini kutia sahihi na kueleza amjuavyo mwanafunzi. Ni mistari mitatu au minne tu. Lakini mistari hiyo huweza kumpeleka mtoto wa maskini chuoni, au kumrudisha nyumbani akakae.

Je, mistari hiyo twaifanyaje? Yapasa tuseme kweli, ijapokuwa ni chungu. Wako miongoni mwetu watiao sahihi bila ya kusoma, kama mtu apokeaye risiti ya sukari. Wako waandikao sifa zile zile kwa kila ajaye: kwamba ni mtoto mwenye adabu, mwenye bidii, na anahitaji msaada, hata msomaji wa barua hizo asijue huyu ni nani na yule ni nani. Wako wamwandikiao mtoto wa tajiri kuwa ni fakiri, kwa kuwa baba yake ndiye aliyetia mazulia msikitini. Na wako, Mwenyezi Mungu atuhifadhi, wangojeao kupewa kitu kabla ya kalamu kushika karatasi. Kisha sisi hawa hawa ndio tupandao mimbari tukawalaumu wakubwa wa serikali kwa upendeleo na rushwa!

Ewe ndugu msomaji, jambo hili si dogo katika dini yako. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 85, Mola wetu ametufundisha kwamba mwenye kuombea uombezi mwema hupata fungu lake katika wema ule, na mwenye kuombea uombezi mbaya hubeba fungu lake katika ubaya ule. Na katika Hadithi aliyoipokea Abu Musa al-Ash'ari, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume s.a.w. alikuwa akijiwa na mwenye haja huwataka sahaba zake wamwombee mtu yule ili nao wapate thawabu, na huku hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Basi tazama! Mtume hakuhitaji kuombwa na mtu ili atende wema. Lakini alitaka kila aliyeko pale apate sehemu. Haya ndiyo yatupasayo kuyajua: kumwombea mwenye haki ni ibada, na kunyamaza hali unaweza kusema ni kuacha thawabu ipite mbele ya mlango wako.

Lakini uombezi una mpaka. Usama bin Zaid alikuwa kipenzi cha Mtume s.a.w., na alipokwenda kumwombea mwanamke wa kabila la Makhzum aliyeiba, ili asipewe adhabu kwa ajili ya ukubwa wa kabila lake, Mtume alikasirika, akawaeleza watu kwamba waliowatangulia waliangamia kwa kuwaacha wakubwa na kuwaadhibu wanyonge. Kwa hiyo uombezi wa kumpa mtu haki yake ni wema, na uombezi wa kumpokonya mwingine haki yake ni dhulma. Nafasi za basari zina hesabu. Ukimwingiza asiyestahiki, umemtoa anayestahiki, ijapokuwa hukumwona uso wake.

Tena Qur'ani imetupa mfano wa namna ya kumsifu mtu. Katika Sura ya Al-Qasas, Nabii Musa a.s. alifika Madyan hali ni mkimbizi, hana mali wala jamaa. Akawakuta mabinti wawili wamejitenga na wachungaji kisimani, akawanyweshea wanyama wao, kisha akenda kivulini. Mmoja wa mabinti wale alipotaka baba yao amwajiri Musa, alitaja mambo mawili: nguvu na uaminifu. Hakumsifu kwa unyonge wake, ingawa unyonge ulikuwa dhahiri. Alitaja yale aliyoyaona yeye mwenyewe pale kisimani. Hapa twajifunza ya kwamba umaskini wa mwanafunzi waeleza kwa nini anahitaji msaada. Lakini nguvu zake na uaminifu wake ndivyo vielezavyo kwa nini msaada ule hautapotea. Barua njema yataja yote mawili, na haitaji illa yaliyoonekana.

Nimeyasema haya kwa sababu mwaka huu nimejaribiwa mimi mwenyewe, na nataka niwape khabari ili mtu mwingine afaidike.

Katika darasa letu la jioni yuko binti mmoja wa miaka kumi na tisa. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa haja ya mtu ni siri yake. Baba yake aliondoka nyumbani miaka saba iliyopita, akaoa mji mwingine, na tangu siku hiyo hajaleta hata kibaba cha unga. Mama yake hukaanga viazi karai na bajia jioni, akauza kando ya njia. Binti huyu ndiye mkubwa wa watoto wanne. Alipofika kidato cha tatu alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Akawa akiazima madaftari ya mwenziwe kila Ijumaa na kuyarudisha Jumapili usiku. Alifanya mtihani wa mwisho akapata alama ya B. Lakini alitoka skuli na deni, na wale majirani wa kike katika chama cha mama yake wakamkopesha wakalilipa.

Hapo wengi wangesema: basi, aolewe yaishe. Na maneno hayo yalisemwa, tena na jamaa zake. Yeye hakugombana na mtu. Alikaa akashona kofia za mkono usiku baada ya kazi za nyumbani, akauza moja moja, na kwa miezi kumi na minne akarudisha fedha yote ya akina mama wale. Nami nina la kukiri hapa. Kofia niliyoivaa Idi iliyopita niliinunua dukani, na niliipatana bei mpaka mwenye duka akaipunguza sana. Baadaye nikajua kwamba imeshonwa na mkono wa mwanafunzi wangu, na kwamba punguzo lile lilitoka katika ujira wake. Tangu siku ile, kila nikiivaa naona haya.

Sasa ameitwa chuo cha uuguzi, masomo ya miaka mitatu, na ipo nafasi ya msaada wa karo aliyoiomba. Mama yake alinijia na fomu baada ya sala ya Alasiri. Akaniambia, "Maalim, wasema yatima hutangulizwa. Tafadhali mwandike kuwa ni yatima. Baba aliyetutupa ana tofauti gani na aliyekufa?"

Ndugu zangu, nakiri kwamba kalamu ilinitetemeka. Mama yule hakuja kwa tamaa. Alikuja kwa uchungu wa miaka saba. Na mimi nilijua kwamba neno moja tu lingemweka mtoto yule mbele ya wengine. Nafsi ikanipambia: baba asiyelisha si baba; andika, Mwenyezi Mungu ni Mwenye kusamehe. Lakini nikakumbuka kwamba yatima katika sharia ni yule aliyefiwa na babake kabla ya kubaleghe. Nikakumbuka pia aya ya 135 ya Sura ya An-Nisaa, ambayo yatuamrisha tusimame na ushahidi wa haki, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu au wazazi wetu, na awe mtu ni tajiri au ni fakiri. Twajua sote kwamba haifai kumshuhudilia tajiri uwongo kwa utajiri wake. Lakini ni wangapi wetu wajuao kwamba haifai vile vile kumshuhudilia fakiri uwongo kwa kumwonea huruma?

Kabla sijajibu, yule binti aliyekuwa amesimama nyuma ya mamake akasema kwa sauti ndogo, "Maalim, usiandike hivyo. Baba yu hai. Nikiingia chuoni kwa uwongo, nitakuwa namwuguza mgonjwa na uwongo ule uko nami."

Mama akanyamaza, kisha akalia. Nikamwambia, "Mama, mwanao amekwisha kuniandikia barua hii. Mimi kazi yangu ni kuinakili."

Basi nikaandika hivi, kwa muhtasari: kwamba baba yake yu hai lakini hajatoa matumizi kwa miaka saba, na majirani wawili wako tayari kulishuhudia hilo, kwamba nimemfundisha kwa miaka minne na najua kuja kwake na kutokuja kwake, kwamba hesabu zilimshinda kwa muda mrefu, na hata sasa si nyepesi kwake, lakini hakuziacha, kwamba alilipa deni kwa kazi ya mikono yake hali hakuna aliyemdai kwa nguvu, na kwamba aliposhawishiwa kupata fungu kwa neno lisilo la kweli, alilikataa mbele yangu. Nikamalizia kwa kusema kwamba mtu wa namna hii ndiye ambaye ningependa awe kando ya kitanda changu siku nitakapolala mgonjwa.

Mpaka twaandika maneno haya, jibu halijafika. Yamkini atapata, na yamkini atakosa, na aliyeandikiwa kuwa yatima kwa uwongo akapata. Mwenye kuuliza, "Sasa ukweli umemfaa nini?" twamjibu: umemfaa kwamba akipata, atakula halali, na akikosa, hakupoteza dini yake pamoja na nafasi. Ama sisi tutakuwa na deni la kumtafutia njia nyingine, na deni hilo si lake peke yake.

Kwani Uislamu haukuanza leo kumsaidia mwanafunzi maskini. Abu Yusuf alikuwa kijana fakiri wa Kufa, na jamaa zake walimtoa katika darasa ili akachume. Imamu Abu Hanifa alipomkosa aliuliza khabari zake, akampa mfuko wa dirhamu mia, akamwambia ahudhurie darasa, na zikimalizika amjulishe. Akaendelea kumpa hivyo. Kijana yule akaja akawa Kadhi Mkuu katika ukhalifa wa Harun al-Rashid. Hakika fedha zile zilikuwa ni basari, ingawa hazikuwa na fomu. Na angalia ya kwamba mwalimu ndiye aliyeuliza, hakungoja kuombwa.

Na hapa pwani yetu, Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, alituhimiza tushike elimu ya dini na elimu ya dunia pamoja, tusiache mojawapo. Ikiwa leo wagonjwa wetu wa kike watafuta wauguzi wa kike Waislamu na hawawaoni, kosa si la wageni. Ni letu tuliowakalisha nyumbani mabinti wenye akili, kisha tukalalamika hospitalini.

Kwa hiyo twawausia ndugu zetu maimamu na maalimu mambo matatu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alipoambiwa na mtu kuwa amjua mwenziwe, alimwuliza: je, ni jirani yako unayeyajua ya usiku wake na mchana wake? Je, umefanya naye biashara ya fedha? Je, umesafiri naye? Alipojibiwa siyo, akamwambia kuwa hamjui. Basi nawe, kabla hujatia sahihi, jiulize: Nimefika nyumbani kwao, au nimesikia tu? Nimeuona uaminifu wake katika jambo la mali au la amana? Nimemwona katika shida, alivyosubiri na alivyofanya kazi? Usipokuwa na jibu, usiandike. Nenda kwanza ukatazame, kisha rudi kwenye kalamu yako. Wala usipokee chochote kwa sahihi hiyo, hata nauli.

Nanyi wenye uwezo, jueni kwamba fakiri hapotezi haki yake katika zaka kwa sababu amekuwa mwanafunzi. Fukara wametajwa mwanzo kabisa katika watu wanane wa aya ya 60 ya Sura ya At-Tawba. Darasa letu limeanza kukusanya akiba kwa ajili ya binti huyu na mwingine atakayekuwa na hali kama yake, hata likija jibu la kukataa lisitukute tumekaa bure. Alio nao shilingi mia asiione ni chache. Kofia zile ziliuzwa moja moja, na deni likaisha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azifanye kalamu zetu kuwa mashahidi wetu, wala zisiwe mashahidi juu yetu. Awafungulie njia wanafunzi wetu wenye dhiki. Na awarudishe nyumbani mababa waliowaacha watoto wao. Amin.