Usingoje Mzoga
Neno: Matendo ya Mitume 11:27-30

Wiki hii tuongee juu ya saa ya kusaidia. Si kiasi, ni saa.

Agabo anasimama Antiokia na kusema njaa kubwa inakuja. Wale wanafunzi hawakusema, "Tungoje tuone." Hakuna aliyekuwa amezikwa bado, lakini kila mtu alitoa kadiri ya uwezo wake, na msaada ukapelekwa Yudea.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo mnivumilie kidogo. Mwaka 2010 bima ya mifugo ilijaribiwa Marsabit. Huwezi kutuma mtu ahesabu mizoga katika nyika yote ile, kwa hivyo setilaiti ilipima majani kutoka angani. Mwanzoni ilikuwa ni kukadiria mifugo waliokufa. Baadaye swali likaja: pesa ikifika ng'ombe ameshakufa, inaokoa nini? Kumlisha aliye hai ni nafuu kuliko kununua mwingine. Basi serikali ilipoanza mpango wake 2015 kule Turkana na Wajir, malipo yalitegemea malisho kukauka, mnyama akiwa bado amesimama. Februari 2017 zaidi ya shilingi milioni 214 zilitolewa kwa familia zaidi ya 12,000 katika kaunti sita.

Bima haileti mvua, wapendwa. Ukame uliokuja baadaye ulikausha misimu mitano mfululizo na kuua zaidi ya mifugo milioni 2.5 hapa Kenya. Lakini mwenye pesa mkononi ng'ombe akiwa hai ana la kufanya. Mwenye pesa mbele ya mzoga ana la kulia tu.

Sasa tuje kwetu Wendani. Mtu akifa, kufikia jioni grupu ya WhatsApp iko tayari, nambari ya M-Pesa imetumwa, kamati imekaa. Ni vizuri, tusiache. Lakini ndugu yuleyule, miezi mitatu kabla, alikuwa ameanza kukaa kiti cha nyuma na kuondoka kabla ya baraka. Kibanda amefunga. Kodi ya nyumba imelala miezi miwili. Dawa ya presha anameza leo, kesho anaruka ili zifike mwisho wa mwezi. Malisho yalikuwa yanakauka hapa hapa kanisani. Nani aliyapima?

Mtu atasema, "Pasta, wengine watatudanganya." Ni kweli, wapo. Ndiyo maana Antiokia walituma watu wawili, Barnaba na Sauli, na pesa ikakabidhiwa wazee. Kuweka hesabu si kukosa imani. Lakini hofu ya mwongo mmoja isimuue mkweli mmoja.

Kwa hivyo wiki hii kila ushirika wa nyumbani uulize swali moja: nani hatujamwona Jumapili mbili? Nenda ubishe mlango. Usiende na hotuba, nenda na unga. Ukiona hali ni ngumu, mwambie mzee wa ushirika, si grupu nzima.

Na wewe unayekauka kimya kimya huku ukijibu "Mungu ni mwema" kila tukikusalimia: Mungu ni mwema kweli, na ametupa sisi kwako. Sema. Tusije tukajua shida yako kwenye tangazo la mazishi.

Bwana atupe macho ya kuona mapema. Amina.