BASTOLA NDOGO, HOFU KUBWA!

Kijana mwenzangu,

Unatafuta bastola. Si kubwa kama ya askari, la! Unataka ndogo, ikae kiunoni chini ya shati, upande nayo matatu, uingie nayo sokoni, na mtu asijue. Nakuuliza leo: UNAMWOGOPA NANI?

Sikia kwanza habari ya silaha yenyewe. Glock 19 hubeba risasi 15. Glock 43, iliyotolewa mwaka 2015 ili ifichike vizuri, hubeba 6 tu. Mtutu wake ni mfupi, nayo ni nyepesi, kwa hiyo ikilia inaruka zaidi mkononi, na kulenga ni kazi. Basi kadiri unavyotaka ifichike, ndivyo unavyopunguza risasi na shabaha.

Utaniambia, "Lakini muhubiri, wezi wamejaa mtaani! Nitachukua cheti cha serikali, nijilinde tu." Ndugu, sikudharau. Kulinda uhai si dhambi. Soma Kutoka 22: mwizi akivunja nyumba usiku, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia. Lakini kama jua limekwisha kutoka, basi ana hatia ya damu! Mungu anapima hata uhai wa mwizi. Sasa wewe, moyo unadunda, kidole kiko kwenye kifyatulio, una sekunde mbili tu, utapimaje? Hofu haina mizani!

Mtazame Petro. Usiku ule bustanini alikuwa na upanga. Alipouchomoa, alimpata nani? Si Yuda aliyewaleta wale watu. Alimkata sikio Malko, mtumwa wa kuhani mkuu, mtu wa kutumwa tu! Yesu akaliponya lile sikio, akamwamuru Petro aurudishe upanga wake. Na usiku ule ule, kijakazi mmoja akamwuliza Petro swali dogo tu, naye akaogopa, akamkana Bwana wake. Unaona, kijana? Upanga ulikata sikio la mtu, lakini HAUKUIKATA HOFU YA PETRO!

Sasa fungua Matendo 4. Petro yule yule amelala mahabusu, na asubuhi amesimamishwa mbele ya Anasi na Kayafa, wakubwa wa yule Malko. Mikono mitupu! Lakini anasema kweli bila kutetemeka. Ni nini kilichobadilika? Alipata upanga mkubwa zaidi? HAPANA! Alijazwa Roho Mtakatifu.

Sikudanganyi ati ukiokoka hutaibiwa wala kupigwa. Petro mwenyewe alipigwa baadaye. Nakuambia hivi: serikali yaweza kukupa cheti cha kubeba silaha, lakini cheti cha amani haina. Utalala bastola iko chini ya mto, hofu iko moyoni, na asubuhi utaamka nazo zote mbili.

Mpe Yesu hofu hiyo leo. Sema kwa imani: "Bwana Yesu, nimewaogopa wanadamu kuliko nilivyokutegemea wewe. Nisamehe dhambi zangu. Ingia moyoni mwangu, unijaze Roho wako. Amina."

Umeomba? Basi usirudi nyumbani kimya kimya. Njoo hapa mbele ya jukwaa tuombe pamoja.

YESU ANAKUPENDA!