Kizunguzungu Kisichokoma: Mgonjwa Aulize Nini?

Swali moja huulizwa mara nyingi katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Bunia, na huulizwa hata na wale wanaojitayarisha kupokea Ubatizo Mtakatifu. Mtu akipatwa na ugonjwa usiokwisha, wala asijue umetoka wapi, afanye nini? Akiendelea kutafuta sababu yake, je, amepungukiwa imani? Na asipoiona, je, ana ruhusa ya kusadiki kwamba yuko mtu aliyemroga?

Ugonjwa mmoja unaoleta swali hili kwa nguvu ni kizunguzungu cha siku nyingi. Hakina kidonda cha kuonyesha, wala uvimbe. Mgonjwa huona nyumba ikizunguka, na ardhi ikipanda na kushuka kama mtumbwi juu ya Ziwa Albert. Akiinama kupalilia muhogo, hupepesuka. Akijitwika maji ya kisimani, hutafuta mti wa kushika. Leo kinamwacha, kesho kinamrudia. Na kwa kuwa jirani zake hawaoni kitu, huyu humwita mvivu, na yule humcheka kama mlevi.

Mashahidi watatu

Mungu Mwenyezi ameuumba mwili wa mtu kwa hekima kubwa. Ili mtu asimame wima, ubongo hupokea habari kwa mashahidi watatu. Wa kwanza ni macho. Wa pili ni nyayo, pamoja na viungo na misuli. Wa tatu amefichwa ndani kabisa ya sikio: huko mna vijifereji vitatu vyembamba vyenye majimaji, na karibu navyo chembe ndogo sana za chokaa. Kichwa kikigeuka, majimaji yale husukumwa, na habari hupelekwa ubongoni. Mashahidi hao wakipatana, mtu hutembea bila kufikiri. Wakipingana, dunia humzunguka.

Mambo yawezayo kuuvuruga ushuhuda huo, au kuudhoofisha ubongo unaoupokea, ni mengi, nayo yanapatikana katika Ituri. Usaha wa sikio ulioachwa bila dawa waweza kula mpaka ndani. Malaria huleta kizunguzungu, na kwinini inayoitibu yaweza kukileta pia, pamoja na mlio masikioni. Minyoo ya safura hunyonya damu polepole mpaka mtu akose nguvu ya kusimama. Streptomisini, sindano iliyotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu, yaweza kudhuru sikio la ndani. Moshi wa zebaki inayochomwa na wachimba dhahabu, kama wale wa Mongbwalu, hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Shinikizo la damu na njaa humo pia. Vivyo hivyo hofu ya siku nyingi na kukosa usingizi, kama walivyopata waliokimbia vita huko Djugu na Irumu. Tena zile chembe za chokaa zaweza kuhama mahali pake. Ndipo mtu huzungukwa kwa kitambo kidogo kila anapojigeuza kitandani, na daktari aliyefundishwa kazi hiyo humtibu kwa kumgeuza kichwa kwa utaratibu, bila kidonge hata kimoja.

Kutafuta sababu si kukosa imani

Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, chafundisha kwamba mganga na dawa ni vipaji vya Mungu, na kwamba mgonjwa asali na pia ampe mganga nafasi yake. Basi mgonjwa aendaye kituo cha afya hakumwacha Mungu njiani. Anatumia akili aliyopewa na Mungu, na kupokea msaada kwa mikono ya watu aliowaumba Mungu.

Lakini huko kwenye kituo cha afya jaribu humngoja. Muuguzi ampima damu, amtazama masikio, kisha asema, "Sioni kitu." Mgonjwa arudi nyumbani amekata tamaa, na jamaa zake waanza kunong'ona: "Ugonjwa huu si wa hospitali."

Maneno hayo yapimwe vizuri. Asemaye "sioni" hakusema "hakuna". Hata wenye elimu kubwa walikosea muda mrefu katika jambo hili. Katika Ulaya ya zamani, mtu aliyeangushwa na kizunguzungu alidhaniwa kuwa na damu nyingi kichwani, akatolewa damu. Mwaka 1861 daktari Prosper Ménière, aliyewahudumia viziwi katika mji wa Paris, alionyesha kwamba ugonjwa wa namna hiyo waweza kutoka sikioni. Baadaye Robert Bárány, huko Vienna, aliona kwamba maji baridi yakitiwa sikioni humletea mtu kizunguzungu, na maji yenye joto nayo humletea, ila kwa upande wa kinyume. Kwa kazi yake juu ya sikio la ndani alipewa Zawadi ya Nobel ya mwaka 1914, naye alikuwa ametekwa na Warusi vitani. Watu waliougua kabla ya hapo walikuwa na sababu ya ugonjwa wao, ingawa hakuna aliyeijua. Sababu iliyofichika ni sababu bado; wala kufichika kwake hakumfanyi jirani kuwa mwenye kosa.

Swali la "nini" na swali la "nani"

Hapa njia mbili zaachana. Aulizaye "nini kinaniumiza?" aweza kufika kwenye dawa. Aulizaye "nani ananiumiza?" hufika mlangoni pa mpiga ramli, naye mpiga ramli hakosi jina la kumpa. Tena jina hilo mara nyingi si la mtu mwenye nguvu. Ni la mjane asiye na mtetezi, la bibi mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, la mke mwenza, la mtoto yatima. Methali yasema kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na wengi huitumia kumshuku ndugu. Kumbe kinachomla mgonjwa huyu chaweza kuwa ndani ya sikio lake mwenyewe.

Matunda ya swali la "nani" yamekwisha kuonekana katika Ituri. Mwezi wa Juni 2001, katika eneo la Aru, watu mamia waliuawa kwa kushitakiwa ulozi. Waliowaua hawakuwa watu wa mbali. Walikuwa watu wa vijijini mwao. Na baada ya mauaji yale, malaria haikuondoka, wala safura, wala usaha wa masikio.

Basi mkatekumeni na atazame ni Amri ngapi zinazovunjwa kwa safari moja ya kwenda kupiga ramli. Amri ya kwanza huvunjwa pale pale mlangoni. Amri ya nane huvunjwa jina la jirani linapotajwa bila ushahidi. Na Amri ya tano ni karibu sana. Hata aonaye kwamba jirani fulani ana moyo wa chuki, hana ruhusa ya kumfanya kuwa sababu ya ugonjwa asioujua.

Mitume nao waliuliza swali la "nani". Walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana Wetu Yezu Kristu aliwajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake, kisha akamponya (Yoane, sura ya 9). Hakumtafuta wa kulaumiwa, alimshughulikia mgonjwa.

Sababu isipoonekana kamwe

Wako wagonjwa watakaotafuta kwa haki na wasione. Mtume Paulo alikuwa na mwiba mwilini, akamwomba Bwana mara tatu umwondokee, wala haukuondoka. Alipewa neema ya kuuchukua. Mgonjwa wa namna hii asiuze mbuzi na shamba akimkimbilia kila anayeahidi kumponya. Kutafuta kuna kipimo chake, na watoto wana haki ya kula. Lakini akipooza uso au mkono, au ulimi ukiwa mzito ghafula, apelekwe hospitali siku ile ile.

Kwa siku za kawaida, ainuke polepole, ashike fimbo bila aibu, asipande mti, asiendeshe pikipiki, asivuke mto peke yake. Na jirani zake wamsadiki. Kumsadiki mtu ambaye maumivu yake hayaonekani ni tendo la mapendo, na kumchotea maji ni tendo la huruma. Mgonjwa aliyezungukwa na watu wa namna hiyo hana haja ya kumtafuta adui.

Maswali ya kufikiri pamoja na katekista

1. Muuguzi asiyeona sababu ya ugonjwa amesema nini, na hakusema nini?
2. Ni nani kijijini anayeshitakiwa upesi kuliko wengine, na kwa nini?
3. Yuko mgonjwa gani ambaye jirani zake hawajamsadiki, na juma hili atasaidiwa kazi gani?