WAZO LA LEO: Kukataa Nako ni Kazi

Cicely Tyson, mwigizaji Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1924, alikataa nafasi zilizomdhalilisha mwanamke mweusi, hata ilipombidi kukaa muda mrefu bila kazi. Filamu ya Sounder ya mwaka 1972 ilimfanya ateuliwe kuwania Tuzo ya Oscar. Mwaka 2013, akiwa na miaka 88, alishinda Tuzo ya Tony kwa kuigiza jukwaani katika The Trip to Bountiful. Msimamo wake haukumzimia taa.

Nawe unayeshawishiwa kupokea lolote ili usisahaulike, jiulize kwanza: kazi hii itawafunza nini watoto wanaonitazama? Riziki huchelewa ikafika. Utu ukiuzwa, kuukomboa ni kazi kubwa.