Kiapo cha Sukari

Tangu matabibu walipoanza kutuambia sisi watu wa mwambao kwamba wali, muhogo na mkate ni vyakula vya wanga, pamekuwa na mzaha barazani kwamba si ajabu vikatudhuru, maana jina hilo ndilo la wale watembeao uchi usiku wa manane. Na jirani yangu mmoja, mzee mwenye staha ambaye kwa miaka mingi hujidunga insulini asubuhi na jioni, mzaha huo ukamwingia moyoni, akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba wali na sukari havitapita tena kooni mwake.

Siku ya pili yake tulikuwa pamoja hitimani. Nilimwona akiisukuma pilau kwa ncha za vidole mpaka ukingoni mwa sinia, akala nyama na kachumbari tu, na uso wake ukang'aa furaha ya mtu aliyeishinda nafsi yake. Dawa hakuipunguza. Kabla ya alasiri kuisha jasho la baridi likamtoka, mikono ikamtetemeka, ulimi ukawa mzito. Na mjukuu wake alipomletea maji ya sukari, akimwambia, "Babu, kunywa," yeye akafumba midomo. Sheikh aliyesoma hitima akamsogelea: "Mzee wangu, kunywa. Kiapo kina kafara, roho haina." Akanywa.

Insulini huishusha sukari ya damu bila kuuliza kama mwenyewe amekula au hakula. Kwa hiyo apunguzaye wanga, jambo ambalo wengi limewafaa, hana budi kwanza kushauriana na tabibu wake ili na kipimo cha sindano kipunguzwe, ama sivyo sukari ya damu itashuka chini ya milimoli 4 kwa lita, na hapo sukari ile ile aliyoikimbia, kiasi cha gramu 15, ndiyo dawa yake ya haraka. Kilichokuwa makuruhu kwake adhuhuri kilikuwa faradhi alasiri. Sukari haikubadilika hata chembe. Hali yake yeye ndiyo iliyobadilika, na kosa lake, kwa maoni yangu, ni kuidhania kuwa ni ibada kule kuacha kwenyewe, pasipo kutazama kadiri.

Wako na wengine, nao ndio ninaowahofia zaidi, ambao wakiona damu imetulia kwa kuacha wanga huitupa sindano kabisa, wakasema wametawakali. Kujinyima peke yake kulikwisha jaribiwa. Kabla ya insulini kupatikana, Dakta Frederick Allen wa Marekani aliwapa wagonjwa wake chakula kidogo mno, hata wakabaki mifupa na ngozi, na watoto waliopatwa na kisukari kile kinachoanza utotoni waliongezewa muda tu, kisha wengi wao wakafa. Mlango haukufunguka ila Januari 1922, mjini Toronto, alipodungwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, dawa iliyotokana na kazi ya watafiti Banting na Best. Mwili ambao kongosho lake halitoi tena insulini huihitaji hata siku ya kufunga, kwa kuwa ini lenyewe huendelea kutengeneza sukari. Imamu Ghazali, ambaye katika Ihya aliandika kwa urefu juu ya kuivunja tamaa ya tumbo, alipofika kwenye tawakali alieleza kwamba mwenye njaa asiyenyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake hana tawakali bali ana wazimu. Na kwa mgonjwa wa namna hii sindano si dawa ya kubahatisha, ni kama chakula hicho.

Mzee wangu alipopata nafuu jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa hukumu ya kiapo chake. Ijumaa iliyofuata aliwapimia maskini kumi, kila mmoja kibaba cha mchele. Mwenyewe akala nguru wa kuchoma na mchicha, baada ya kupunguza sindano kama alivyoagizwa.