Kuonja si Kosa, Kuficha Je?

Wiki tatu sasa, mimi na mabeshte watatu tunapanga safari ya siku mbili Naivasha. Huko kuna shamba la zabibu kunakotoka mvinyo wa Leleshwa, uliopewa jina la kile kichaka ambacho Wamaasai hutumia majani yake kama manukato. Ratiba iko tayari: Jumamosi tunaonja mvinyo na kula mchana hapohapo, Jumapili tunakula samaki kwenye mkahawa kando ya ziwa, kisha mathree ya kurudi Nairobi. Ni kilomita 90 hivi tu. Ila mchango wangu unakaribia kodi ya chumba changu hapa Kabiro.

Mwanzoni nilidhani swali ni pesa. Mtu aliyeacha chuo kwa kukosa karo, anayeandika makala na kungoja malipo miezi, ana haki gani ya kulipia glasi ya kunusanusa? Nimelifikiria hilo na sioni dhambi. Ukimwambia maskini asistarehe hadi shida ziishe, umemwambia asistarehe kamwe.

Kilichonisumbua kilikuja Jumanne. Mathe wa mlango wa pili, ambaye nilipotoka chuo hakukubali nilale njaa, aliniuliza, "Kijana wangu, Jumamosi utakuwepo? Nataka unibebee mtungi."

Nikajibu haraka, "Hapana mathe, nina kazi Naivasha."

Kazi gani? Mbona nilidanganya?

Mathe hupika busaa. Nimemwona akikaanga unga wa mahindi uliochachuka juu ya bati, akichanganya na kimea cha wimbi, halafu siku zikipita anaonja kidogo na kunyamaza. Akimeza anajua: ni leo au ni kesho. Huo ni ujuzi uleule tutakaoulipia Naivasha. Lakini kule anayeonja anaitwa mjuzi. Huku gari la polisi likisikika, watu wanamwaga na kukimbia. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa iliyokuwepo tangu 1980, ila ikaja na leseni na masharti ambayo mpishi wa chumba kimoja hayawezi. Sisemi kila kinachopikwa mtaani ni salama. Mei 2014 watu wengi walikufa nchini kwa pombe yenye methanoli, na ni haki kuuliza kilicho ndani ya kikombe. Lakini aibu yangu haikuhusu usalama.

Nilimficha kwa sababu nilishaamua hataelewa. Hapo ndipo nilipokosea. Kuonja kwangu mvinyo hakumpunguzii mathe chochote. Uongo ule ulimpunguzia: ulimfanya mtu wa kuambiwa "kazi" ili asiulize, yeye aliyenilisha bila kuniuliza nitalipa lini.

Jana nikamwambia ukweli.

"Kwa hivyo mnaonja, halafu mnatema?"

"Wengine hutema, mathe."

Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akauliza, "Na nani anaamua kama imeiva?"

Katika mipango yetu yote, hilo hakuna aliyeliuliza.

Nimefuta samaki wa Jumapili kwenye bajeti yangu, nikaandika chupa moja ya mathe. Anataka aonje mwenyewe, aniambie kama hao watu wanajua kupika. Mtungi tutaubeba Ijumaa.