Meno ya Mama na Mabati ya Kanisa

Mama hucheka akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Wageni hudhani ni haya ya kawaida ya kina mama wa zamani. Mimi najua ni pengo la meno mawili ya mbele, ya juu. La kwanza liling'olewa nikiwa kidato cha kwanza, la pili nikiwa kidato cha tatu. Kung'oa jino ni bei rahisi kuliko kulitibu, na karo yangu haikuwa na subira. Hesabu ilikuwa hiyo tu, na hakuna siku aliyonikumbusha.

Agosti iliyopita nilikuwa na shilingi 20,000 kwenye M-Pesa, na tayari zilikuwa na mwenyewe. Siku ya harambee ya mabati nilisimama mbele ya kanisa zima, nikaahidi, nikapigiwa makofi, nikaandikwa kwenye daftari. Wiki iyo hiyo nikampeleka Mama kwa daktari wa meno kwa sababu ya gego lililokuwa linamkosesha usingizi. Daktari alipomaliza kuliziba, akatazama lile pengo la mbele.

"Na hapa je, mama? Ya bandia mawili, ya kuvaa na kuvua, ni 14,000."

Mama akapeleka mkono mdomoni. "Aii, daktari, mimi nimeshazeeka. Mungu haangalii meno."

Tulirudi nyumbani kwa matatu. Muziki ulikuwa juu, kwa hivyo hatukuongea, na mimi nikabaki na lile jibu lake kichwani.

Ingekuwa yale meno yanauma, hakungekuwa na mjadala. Sisi watu wa kanisa tunaelewa ugonjwa. Tunachangia bili ya hospitali, tunaomba, na kila mtu anajua mwili ni hekalu. Lakini pengo la Mama halikuwa linauma. Nyama alitafuna kwa meno ya pembeni, na ugali haukuwahi kumshinda. Kilichokosekana pale ni sura tu. Na nimelelewa nikijua kwamba afya ni uwakili na urembo ni majivuno. Sasa meno ya mbele ya mama wa miaka 56 yanaingia kapu gani?

Nyanya yangu angejibu haraka. Aliokoka katika uamsho ule ulioanzia Rwanda na Uganda ukaingia Kenya miaka ya 1930, na ambao bado ulikuwa na moto alipokuwa msichana. Ndewe zake, zilizokuwa zimetobolewa na kupanuliwa kwa desturi ya Kikuyu, zilishonwa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa napitisha kidole kwenye yale makovu. Simcheki. Kwake, kuacha mapambo kulikuwa uhuru: hakutaka tena thamani yake ipimwe kwa kilichoning'inia masikioni. Ila uhuru wa mama mmoja unaweza kuwa sheria kwa bintiye, na Mama alirithi sheria bila kuonja ule uhuru.

Usiku huo nilifungua lile andiko la Mama, 1 Samweli 16. Samweli anamwona Eliabu, kijana mrefu wa kupendeza, anadhani mfalme ndiye huyu. Mungu anamwambia asiangalie umbo, maana Yeye hutazama moyo. Sawa kabisa. Lakini shuka aya tano tu. Daudi anaingia kutoka malishoni, na mwandishi yuleyule anasimama kutuambia kwamba kijana huyu alikuwa na macho mazuri na sura ya kupendeza. Si alikuwa ametoka tu kusema sura haihesabiki? Nafikiri alichosema ni kwamba sura haimfanyi mtu kuwa mfalme. Hakusema kwamba Mungu anaichukia, au haioni. Kutompima mtu kwa uso wake ni jambo moja. Kutojali uso wake ni jambo lingine.

Hata lile neno la hekalu tunalolipenda, Paulo hakuwaandikia Wakorintho kuhusu mazoezi na mboga. Alikuwa anakemea uasherati. Lakini hoja aliyotumia ni pana: mwili si ganda la kutupwa, ni wa Bwana, na Mungu ataufufua. Makanisa mengi yanakiri ufufuo wa mwili kila Jumapili, halafu tunarudi nyumbani tukiishi kana kwamba roho ndiyo itakayofufuka peke yake.

Kuna mahali pengine paliponikera zaidi. Katika Marko 7, Yesu anawakemea watu waliokuwa wakitangaza mali yao kuwa korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, halafu wanawaambia wazazi wao kwamba hakuna cha kuwasaidia nacho. Niliisoma mara mbili nikikumbuka makofi niliyopigiwa.

Asubuhi nikamuuliza Mama swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Wacha Mungu kidogo. Wewe unayataka?"

Alikaa kimya, akaendelea kuchagua maharagwe. Kisha akasema, "Ningependa kuimba bila kufikiria mdomo."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini alihama kutoka mstari wa mbele wa kwaya hadi wa nyuma. Nilikuwa nimedhani ni unyenyekevu.

Nikampigia simu mzee wa kanisa anayeshika daftari, nikamwambia ahadi yangu itachelewa. "Ahadi ni deni, kijana wangu," akasema, kwa upole. "Kuna mgonjwa?"

Jameni, ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Angeniombea papo hapo. Ulimi ulikuwa tayari umeanza.

"Hapana, mzee. Ni meno ya mbele ya Mama."

Kimya. Halafu akasema, "Haya," na akakata. Mpaka leo sijui ile "haya" ilikuwa ya aina gani.

Sasa usidhani nimekuja kukuambia urembo ni utakatifu. Mimi mwenyewe ni ushahidi wa upande ule mwingine. Nilianza kwenda jimu kwa sababu ya mgongo. Nakaa mbele ya kompyuta saa tisa kila siku. Mgongo ukapona baada ya miezi michache. Lakini sikuacha kujitazama. Nikaanza kuamka saa kumi na moja, ile saa niliyokuwa nikiomba, ili nipate kioo kabla watu hawajajaa. Nikapiga selfi, nikahesabu waliopenda, nikanunua mafuta ya ndevu ya bei ambayo singeitaja mbele ya Mama. Hakuna aliyenikemea, maana nilikuwa naitunza hekalu. Mwili uleule, andiko lilelile, na mimi nilikuwa nazama.

Kwa hivyo mstari haupiti kati ya afya na urembo, kama nilivyofundishwa. Afya yangu iligeuka sanamu, na urembo wa Mama ulikuwa deni la mwana kwa mzazi. Kipimo ninachotumia siku hizi ni hiki: baada ya kuutunza mwili, je, unaniachilia? Mama alitaka meno ili ausahau mdomo wake na kukumbuka wimbo. Mimi kadiri nilivyojitunza ndivyo nilivyozidi kujikumbuka. Na hata kufunga kunaweza kupimwa hivyo. Yesu aliwaambia wanaofunga wanawe uso na kujipaka mafuta kichwani, watu wasijue. Kumbe hata uso mchafu unaweza kuwa urembo wa kujionyesha.

Kipimo hiki kina tundu, najua. Moyo ni mjanja. Naweza kujiambia nimeachiliwa kumbe bado nimeshikwa. Ndiyo maana nimerudisha maombi kwenye saa kumi na moja, na jimu naenda jioni, wakati imejaa na sipati kioo.

Mama alirudi mstari wa mbele Septemba. Jumapili ya kwanza alipocheka nje ya kanisa, mkono ulipanda wenyewe mpaka mdomoni, ukasimama, kisha ukashuka taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba amehama nyumba.

Jumapili hiyohiyo majina ya waliobaki na ahadi za mabati yalisomwa. Langu lilikuwemo, salio 14,000. Nililipa hadi 6,000 zilizokuwa zimebaki. Nyingine nalipa polepole, na sitajifanya haikuniuma kusomwa. Mama, kutoka kwenye kwaya, alinitazama na kutabasamu. Meno yote yalionekana.